Jina Huja Mwisho

Chiungutwa iko chini, Newala iko juu. Yeyote aliyewahi kukanyaga pedeli kutoka kata yetu hii ya Masasi kuelekea uwanda wa Makonde anaijua tofauti hiyo kwa magoti yake. Ndiyo maana huku kwetu kubashiri baiskeli ni jambo la kila siku, ingawa hakuna anayeliita hivyo. Anapita kijana na gunia kwenye keria, waliokaa kwenye kivuli cha mkorosho wanamtupia jicho, na mmoja wao anasema, "Huyu atasukuma." Uso wa kijana hakuutazama kabisa. Ametazama tairi la nyuma limelala kiasi gani, gunia limefungwa juu au chini, jua limefika wapi, na mlima umebaki mbali kiasi gani. Juu ya uwanda hakuna mito. Kwa miaka mingi maji yalifuatwa mabondeni, na baiskeli yenye madumu ilipopanda, familia nzima huko juu ilikuwa inaisubiri. Kukosea hesabu ya mlima kulikuwa na gharama yake.

Nimewataja hao kwa sababu nataka kuwasifu watu wengine wanaofanya kazi hiyohiyo kwa upana zaidi. Hao hukaa na ramani ya mashindano ya baiskeli ya siku nyingi, iwe Tour du Rwanda, Giro d'Italia au Tour de France, na kabla gurudumu halijazunguka hutaja majina matano au sita na kusema kwamba mshindi hatoki nje ya hawa. Siwasemi watu wa mikeka. Mtu wa mkeka anataka jibu litoke, basi. Likitoka kwa bahati, kwake ni sawa tu. Mbashiri ninayemsema mimi anaona haya kupatia bila sababu. Ukimwona akifurahi, mara nyingi ni kwa kuwa mambo yamekwenda kwa njia aliyoieleza, hata kama jina aliloliweka la kwanza limeishia la tatu.

Hesabu ya mashindano haya ni nyepesi kuieleza. Kila siku ni hatua moja, muda wa kila siku unajumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye bingwa. Kutokana na hesabu hiyo nyepesi linazaliwa jambo ambalo wageni wa mchezo huu hawaliamini: mtu anaweza kuwa bingwa bila kushinda siku hata moja. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyefundwa kuendesha baiskeli na David Kinjah kwenye vilima vya Kikuyu, alitwaa Tour de France ya 2017 bila ushindi wa hatua yoyote. Ulikuwa ubingwa wake wa nne, baada ya 2013, 2015 na 2016. Kwa hiyo anayebashiri hatafuti mwenye kasi. Anamtafuta asiyekuwa na siku mbaya.

Anaanza na barabara. Hili ndilo linalomtenga fundi na mshabiki, maana mshabiki huanza na jina. Mpe mbashiri hodari karatasi yenye michoro ya hatua, ile mistari inayopanda na kushuka kama meno ya msumeno, na utamwona ananyamaza. Anahesabu ni hatua ngapi zinaishia juu ya mlima. Anatazama baada ya kilele cha mwisho kuna nini, kwa sababu mlima mkali unaofuatwa na kilomita ishirini za mteremko na tambarare hautenganishi watu. Waliobaki nyuma wataungana, watapokezana kukata upepo, na watamfikia aliyechomoka peke yake. Anatafuta kama kuna mbio za mtu mmoja dhidi ya saa, ni za kilomita ngapi, na kama zinapanda. Anaangalia siku ngumu kuliko zote imewekwa wapi. Ikiwa mwanzoni, wakubwa wataogopa kujimaliza mapema. Ikiwa siku ya mwisho kasoro moja, kila mtu ataibana nguvu yake mpaka huko, na mashindano yote yatakuwa kungojana.

Rwanda ni darasa zuri la kusoma barabara, na ni jirani. Kigali yenyewe iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo njia za kwenda Musanze, Rubavu au Karongi hazina sehemu ya kupumzika inayostahili jina hilo. Ndani ya mji kuna kile kipandio cha mawe cha Kwa Mutwe ambacho waendeshaji wanakiita ukuta, na kuna Rebero. Kwa mwembamba mwenye mapafu mapana hiyo ni karamu. Mwenye mapaja mazito, bingwa wa mita mia mbili za mwisho kwenye lami iliyonyooka, atashinda siku moja kama atabahatika, halafu kazi yake itakuwa kufika kabla muda wa mwisho haujafungwa. Kabla hujasoma orodha ya washiriki umeshafuta zaidi ya nusu yao.

Kufuta ndiyo kazi yenyewe. Watu hudhani mbashiri anachagua. Ukweli ni kwamba anatoa, anatoa, anatoa, mpaka wanabaki wachache ambao hana sababu ya kuwatoa. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France ya 2024 na kuondoka na jezi ya kijani ya pointi, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Lakini hakuna mbashiri mwenye akili timamu aliyemtaja kuwa anagombea jezi ya njano ya bingwa wa jumla mwaka ule, na wala hakumkosea heshima. Milima ya Alps na Pyrenees haikuandikwa kwa ajili ya mwili wa Girmay. Kumtaja mtu mahali pake ni heshima zaidi kuliko kumtaja kila mahali.

Linapofuata suala la nani amekuja, ndipo wengi wanapojikwaa. Tour du Rwanda ilianza 1988 na kuingia kwenye kalenda ya shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, mwaka 2009. Kuanzia 2014 hadi 2018 ilitwaliwa na Wanyarwanda mfululizo: Valens Ndayisenga, Jean Bosco Nsengimana, Ndayisenga tena, Joseph Areruya, kisha Samuel Mugisha. Miaka mitano, watu wa nyumbani. Aliyebashiri kwa kutazama nyuma tu angemwandika Mnyarwanda 2019 bila kufikiri. Lakini mwaka huo mashindano yalipandishwa daraja, na daraja hilo linaruhusu timu kubwa kabisa za dunia kuja. Astana walikuja, na ndani yake alikuwemo Merhawi Kudus, Mwaeritrea ambaye 2015, pamoja na Daniel Teklehaimanot, walikuwa wa kwanza kutoka nchi yao kushiriki Tour de France. Kudus akashinda. Tangu hapo hadi 2025 hakuna Mnyarwanda aliyeibuka bingwa wa jumla. Barabara zilikuwa zilezile na vilima vilevile. Walioingia mlangoni ndio waliobadilika.

Hapo mbashiri makini aliyeliona badiliko hilo hakuruka moja kwa moja kusema kwamba sasa ni zamu ya Wazungu. Alijiuliza ni nani mwenye nguvu ya timu kubwa na pia mapafu ya nchi ya juu. Asmara iko zaidi ya mita 2,300. Mtoto anayekulia huko anajifunza kupanda kwenye hewa nyepesi kabla hajajua kwamba hewa ina uzito. Katika mashindano saba ya kuanzia 2019 hadi 2025, Waeritrea walichukua manne: Kudus, Natnael Tesfazion mara mbili, 2020 na 2022, na Henok Mulubrhan 2023. Matatu yaliyobaki yalikwenda kwa Mhispania Cristián Rodríguez, Mwingereza Joseph Blackmore na Mfaransa Fabien Doubey.

Niukumbushe mwaka huo wa 2023, maana unafundisha vizuri. Froome mwenyewe alikuja Rwanda. Picha zote zilikuwa zake, na kelele zote barabarani zilikuwa zake, mtoto wa Afrika Mashariki mwenye ubingwa wa Tour mara nne. Mbashiri aliyejisalimisha kwa jina angemweka kileleni. Lakini Juni 2019 Froome aliugonga ukuta huko Ufaransa akiikagua njia ya mbio za saa, akavunjika paja na mifupa mingine, na tangu hapo miguu haikurudi ilivyokuwa. Matokeo yake ya miaka mitatu yalikuwa wazi kwa kila aliyetaka kuyasoma. Upande wa pili alikuwepo Henok, bingwa wa Afrika, kijana aliyekuwa anapanda na pia ana kasi ya kumalizia. Kasi ya kumalizia ni jambo dogo lenye faida kubwa, kwa sababu mashindano mengi hutoa nyongeza ya sekunde 10, 6 na 4 kwa watatu wa kwanza wa hatua. Wapandaji wawili wenye nguvu sawa wakifika pamoja kila siku, anayemzidi mwenzake mita kumi za mwisho atakuwa anaokota sekunde kimyakimya. Inahitaji moyo mgumu kumfuta Froome mbele ya umati unaoliita jina lake. Waliomfuta walifanya kazi yao.

Kuna kitu kingine kinachowashinda wengi, nacho ni kujua nani anamfanyia nani kazi. Timu ya Tour de France ina watu wanane, na saba kati yao kwa kawaida wanajichosha kwa ajili ya mmoja: wanamkatia upepo, wanamletea maji, wanampa gurudumu lao likitoboka lake. Juu ya kasi ya kilomita arobaini kwa saa sehemu kubwa ya nguvu ya mtu inakwenda kupambana na hewa, hivyo anayejificha nyuma ya mwenzake anaweka akiba ya kutumia mlimani. Mbashiri mzuri anamtazama yule anayekatiwa upepo, lakini jicho la pili analiacha kwa msaidizi. Vuelta a España ya 2011, mashindano ya hatua ya Hispania, Froome alikwenda akiwa msaidizi wa Bradley Wiggins. Hakuna aliyemtaja. Baada ya mbio za saa za Salamanca akajikuta amevaa jezi nyekundu ya uongozi, na hatua iliyofuata akaendelea kumvutia kiongozi wake mlimani mpaka jezi ikahamia kwa Wiggins. Mwishoni Juan José Cobo alimzidi Froome kwa sekunde 13. Sekunde hizo unaweza kuzihesabu kwenye kona mbili za siku ambayo mtu alikuwa anamburura mwenzake. Mwaka 2019 Cobo alinyang'anywa ushindi kwa kosa la dawa, na Froome akaandikwa bingwa. Tangu hadithi ile, mbashiri anayejiheshimu hamalizi orodha yake kabla ya kujiuliza: katika timu kubwa, ni msaidizi gani ana miguu kuliko bwana wake?

Kwenye namba nitapita upesi, kwa sababu siku hizi namba zimegeuzwa uganga. Ni kweli kwamba mlimani kinachoamua ni nguvu ukiigawa kwa uzito wa mwili, na wapandaji bora kabisa wanaweza kushikilia zaidi ya wati sita kwa kila kilo kwa nusu saa. Lakini kipimo cha Februari hakimjui mtu wa wiki ya tatu. Kuna miili inayopona usiku na kuna miili inayolimbikiza deni, na hilo linaonekana tu kwa kumfuata mtu mwaka baada ya mwaka: siku ya kumi na tano alikuwaje, alipoteza muda kwa sababu ya njaa, kwa joto, kwa mvua, au kwa kuwa alichelewa kushika gurudumu la mbele upepo ulipovuma kutoka ubavuni.

Kama ningetakiwa kuonyesha uzuri wa ufundi huu kwa hatua moja tu, ningechagua mlima mmoja Italia uitwao Colle delle Finestre. Una urefu wa kilomita zaidi ya kumi na nane, mwinuko wake ni zaidi ya asilimia tisa kwa wastani, na sehemu ya juu haina lami, ni kokoto na vumbi kama njia zetu za kwenda mashambani. Giro ya 2018 ilipopita pale, Simon Yates wa Uingereza alikuwa amevaa jezi ya waridi ya uongozi na amebakiza siku chache awe bingwa. Froome alikuwa wa nne, nyuma kwa dakika 3 na sekunde 22. Froome akachomoka juu ya kokoto zikiwa zimebaki kilomita themanini, akaenda peke yake mpaka mwisho, akachukua Giro. Yates alipoteza zaidi ya dakika 38 siku ile.

Miaka saba baadaye, 2025, waandaaji waliuweka mlima huohuo kwenye hatua ya ishirini, siku moja kabla ya kumaliza Roma. Asubuhi ile jezi ilikuwa kwa Isaac del Toro, Mmeksiko wa miaka 21. Richard Carapaz wa Ecuador alikuwa nyuma yake kwa sekunde 43, na wa tatu, kwa dakika 1 na sekunde 21, alikuwa Simon Yates. Karibu kila mtu aliizungumzia siku hiyo kama vita ya watu wawili. Sasa tazama fundi anavyoisoma. Mlima mrefu na mkali unaotenganisha watu, ndiyo. Siku ya mwisho ya milima, hakuna wa kubana nguvu. Wa kwanza na wa pili wanaogopana, kila mmoja anataka mwenzake ndiye afukuze. Na timu ya Yates imemtuma Wout van Aert, mtu mwenye nguvu za ajabu kwenye tambarare, kwenye kundi lililotangulia asubuhi. Mtu wa namna ile hatangulizwi hivihivi. Ametangulizwa ili awe upande wa pili wa mlima, amsubiri mwenzake, amvute bondeni. Van Aert yuko mbele, wawili wa juu wanatazamana: jina la tatu linaanza kuonekana lenyewe. Yates akachomoka, del Toro na Carapaz wakabaki kutegeana, na vita vya panzi vikawa furaha ya kunguru. Alimaliza bingwa kwa tofauti ya dakika 3 na sekunde 56, kwenye mlima uliomvunja 2018.

Tour ya 2020 ni ya namna hiyo kwa ufupi. Primož Roglič aliamka na akiba ya sekunde 57 mbele ya Tadej Pogačar, zikibaki mbio za saa za kilomita 36.2. Waliotazama tu kwamba Roglič ni bingwa wa saa walilala. Walioona kwamba njia ile inaishia kwenye mlima wa La Planche des Belles Filles walikaa macho, na jioni Pogačar alikuwa bingwa kwa sekunde 59.

Ufundi huu una mpaka wake, na mafundi wa kweli wanaukiri bila kulalamika. Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Hizo zilikuwa mbio za siku moja, si za hatua, lakini kwa waliozoea kusoma Tour du Rwanda vilima vilikuwa vilevile. Kwa wanaume ubashiri ulikwenda kama ulivyoandikwa: Pogačar alikwenda peke yake kilomita zaidi ya sitini, na ni waendeshaji 30 tu waliofika mwisho. Kwa wanawake, wanaotajwa wote walitazamana mpaka wakachelewa, na dhahabu ikaenda kwa Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye hakuwa kwenye orodha ya karibu mtu yeyote. Mbashiri hodari hakupaswa kumjua Vallieres. Alichopaswa kukiona ni kwamba wenye nguvu walikuwa wengi mno kwa mmoja wao kukubali kufukuza, kisha aache nafasi tupu kwenye orodha yake kwa mtu wa namna hiyo. Nawaheshimu sana wanaoiacha nafasi hiyo. Inaonekana kama woga, kumbe ndiyo sehemu ya orodha iliyofikiriwa zaidi.

Tunavyopokea sisi habari za mchezo huu ni kinyume cha yote hayo. Jina la mshindi linasomwa mwisho wa taarifa ya michezo, sentensi moja, baada ya soka. Nani alimsaidia, mlima ulikuwa wapi, kwa nini huyu na si yule, hatuambiwi. Tanzania ina chama chake cha baiskeli, CHABATA, ina vijana wa Kanda ya Ziwa na Arusha waliokuwa wakishindana barabarani tangu zamani, na ina vijiji kama vyetu vya Kusini ambako kila mtu mzima amewahi kuupima mlima kwa jicho. Wasikilizaji wa kuielewa hadithi hiyo wapo tayari.

Basi wahariri wa michezo wa redio na magazeti, hili ni ombi kwenu. Tour du Rwanda inafanyika mwishoni mwa Februari, ni siku nane tu, na Rwanda ni nchi tunayopakana nayo. Asubuhi ya siku ya kwanza mpeni mtu mmoja anayejua kusoma barabara dakika tano. Ataje majina yake matano, na kwa kila jina aseme sababu. Jioni ya siku ya nane mrudisheni, mumsomee alichosema, na mumwache ajieleze.